Tumbo la Odera na Sukari Yangu

Nyinyi vijana mnaopika hospitalini siku hizi mna gesi, mna meza za chuma, mna karatasi ukutani ya kuwaambia mgonjwa wa kitanda cha nane ale nini. Mimi nilikuwa na mafiga makubwa, kuni mbichi, na Nesi Perpetua. Nawaambia kweli, huyo mama alikuwa mkali kuliko moshi wa hizo kuni.

Juzi mjukuu wa dada yangu alikuja kunitembelea kutoka Nairobi. Zamani alikuwa na mwili wa kujaza mlango. Sasa amepungua hadi nikamtambua kwa sauti. Akaniambia, "Babu, nilikatwa tumbo kwa hiari yangu ili nipungue. Huu ni mwaka wa nne. Kupungua nimepungua, lakini hakuna aliyenifundisha namna ya kuishi na hili tumbo jipya." Nikamtengea chai kama kawaida yetu. Alipoona nachota sukari akanishika mkono. "Usiweke, babu. Nitaanguka hapa."

Lo! Nilikaa na kijiko hewani kama mjinga. Miaka yote hiyo imepita, na neno ni lilelile. Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia, nyinyi mnaopika na nyinyi mnaokula kwa matumbo yaliyokatwa, kabla sijasahau. Sikuwa daktari, nilikuwa mpishi. Lakini kijiko changu cha sukari kiliwahi kuingia katika boma la watu kule Kisegi, kikamweka mke wa mtu mlangoni na mzigo umefungwa. Kosa lilikuwa langu, na nilinyamaza.

Naitwa Mwita. Kwetu ni juu huko Ukuriani, lakini nilipata kazi nikiwa kijana katika hospitali ndogo ya misheni upande wa ziwa. Jina lake nitaliacha, maana makosa nitakayosema ni yangu wala si yake. Ilikuwa miaka ile ya Uhuru. Niliajiriwa kupasua kuni. Mpishi aliyekuwapo akaondoka ghafla, na Nesi Perpetua akanitazama juu hadi chini akasema, "Wewe una mikono misafi. Ingia jikoni." Huo ndio mtihani niliofanya, na sijafanya mwingine maishani.

Somo la kwanza alinipa kwa kofi. Si kofi la uso, alinipiga mkono nilipokuwa natumbukiza sahani majini. "Sahani ikirudi kutoka wodini, usiioshe kabla hujaitazama!" Kulikuwa na mzee mmoja wa visiwani aliyekuwa akirudisha nyama yote kila siku na kula mchuzi tu. Mimi nilikuwa nimeshasema jikoni kwamba mzee huyo ana maringo. Nesi akanishika sikio, akanipeleka kitandani, akamwambia mzee afungue kinywa. Hakukuwa na jino hata moja. Wiki mbili nzima nilikuwa nampa nyama ya fahali mzee asiye na jino! Tangu siku ile nilisoma sahani kuliko nilivyosoma Biblia, Mungu anisamehe.

Basi, Odera. Odera alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Alinunua huko juu Ogwedhi, kwa Wamaasai na kwa watu wetu, akawaswaga kwa miguu mpaka ziwani, siku nyingi njiani. Alijulikana kwa mambo mawili: kupiga bei na kula. Walisema kwamba akikaa kwenye ugali, wengine wote wawe wameshanawa, la sivyo watajilamba vidole vitupu. Lakini tumbo lile lilikuwa na vidonda kwa miaka. Siku moja akatapika damu barabarani, akapakiwa kwenye lori hadi hospitali kubwa ya mbali, na huko daktari Mhindi akamkata tumbo akaliacha dogo kama ngumi ya mtoto. Alipopata nafuu kidogo wakamrudisha kwetu, apone karibu na nyumbani.

Nesi Perpetua akanijia jikoni. "Mwita, sikia vizuri. Huyu atakula mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Atafune mpaka achoke. Maji asinywe na chakula, anywe baadaye. Akishakula alale kidogo. Na sukari, hapana. Umesikia? Hapana."

"Nimesikia, Nesi."

Kusikia nilisikia. Kuamini ndiko sikuamini.

Nyinyi hamjui sukari ilikuwa nini wakati ule. Mtu akienda kumwona mgonjwa alibeba sukari kwenye karatasi ya kahawia, imefungwa kwa uzi. Mtoto akizimia alirambishwa sukari. Mama mzazi, uji wa sukari. Mgeni wa heshima, chai ambayo kijiko kinasimama chenyewe. Kumnyima mgonjwa sukari ilikuwa kama kumwambia afe tu. Tena sukari ya misheni ilikaa kwenye kabati, na ufunguo ulikaa kiunoni mwa Nesi. Mimi nikajiambia, huu si utabibu, huu ni uchoyo.

Hata hivyo wodini nilifuata. Nilichemsha samaki ngege, nikatoa miiba kwa vidole, mmoja mmoja. Nilipika osuga, ile mboga chungu, kwa maziwa mpaka ikalainika kabisa. Ugali laini, wa ukubwa wa yai. Siku ya kwanza Odera alitazama sahani, akanitazama mimi.

"Omera, ndugu yangu, hii ni ya kuonja ama ni ya kula?"

Wodi nzima ilicheka. Akala nusu, akaishiwa. Akasukuma sahani, na nikaona machozi. Nikadhani ni maumivu ya mshono. "Hapana," akasema, "hainiumi. Ni njaa yangu imepotea. Tangu nizaliwe nilikuwa na njaa, tulitembea pamoja. Sasa nimeachwa peke yangu." Mimi kijana nilicheka. Leo naona hakuna mtu aliyewahi kunieleza jambo hilo vizuri kuliko yeye, na yule mjukuu wetu wa Nairobi alipolisikia aliniomba nilirudie.

Wacha niruke miaka hapa, maana watu hudhani mshono ukipona basi shughuli imekwisha. Aa wapi! Mshono ni mwanzo. Mwaka wa nne au wa tano hivi Odera alishuka kwenye basi, akaja jikoni moja kwa moja kunisalimia. Namtazama, ana kiatu kimoja.

"Kiatu kingine kiko wapi?"

Akajitazama chini. Hakujua! Kilikuwa kimemvuka mahali fulani kati ya kituo cha basi na lango, naye hakusikia, maana nyayo zilikuwa zimekufa ganzi. Ulimi wake ulikuwa mwekundu na laini kama wa mtoto, na alikuwa akichoka akivaa shati tu. Watu wake walishasema ni uzee umemwahi. Nesi alimpeleka kwa daktari mbio, na huko tukaambiwa kwamba tumbo likikatwa, kuna kitu cha kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu ambacho mwili hauwezi tena kukichukua kutoka kwenye nyama na samaki, hata ukila ng'ombe mzima. Dawa ni sindano, kila mwezi, mpaka kaburini. Akaanza kuchomwa. Nguvu zilirudi, damu ikarudi. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havikurudi, vilibaki na ganzi. Tulikuwa tumechelewa. Kwa hiyo wewe uliyekatwa, hata kama unajisikia simba, nenda ukapimwe damu.

Na kazi aliirudia, msidhani alikaa kuhurumiwa. Alitembea na ng'ombe akiwa na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko mmoja wa koti na njugu kwenye mwingine. Maziwa mabichi yalimtimua mbio kichakani, ya mgando yalimkubali. Akishakula yai lake alijilaza kivulini robo saa, ng'ombe wakala nyasi. Wachuuzi wenzake walimcheka sana. "Haba na haba," anawaambia, "nyinyi jazeni kibaba, mimi changu kimeshajaa." Nguo zake za zamani zilimpwaya, akakataa katakata kuzipunguza kwa fundi. Alisema bado anamsubiri mwenyewe arudi kuzivaa. Mwishowe alimpa kaka yake nguo hizo.

Lakini kabla ya sindano, na kabla ya mayai mfukoni, kulikuwa na mkebe wangu.

Siku Odera alipotoka wodini, mkewe alikuja kumchukua. Jina lake Atieno, lakini kwao Kisegi walimwita nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kama ilivyo desturi yao kumwita mke kwa alikotoka. Alikuwa mwembamba, msikivu, wa kuuliza jambo mara moja na kulishika. Nesi alimweleza habari ya milo sita. Wakati Nesi ameenda kutafuta karatasi, mimi nikamvuta pembeni nikampa mkebe. Nilikuwa nimechanganya unga wa wimbi na sukari, sukari niliyoinunua mwenyewe kwa mshahara wangu, nusu kwa nusu.

"Huu ni unga wa nguvu," nikamwambia. "Kila asubuhi, kikombe kikubwa, uji mwepesi. Ukiisha, changanya mwingine hivi hivi, wimbi na sukari nusu kwa nusu. Lakini usimwambie Nesi. Usimwambie mtu yeyote."

"Sitamwambia mtu," akasema.

Nikarudi jikoni nikipiga mluzi. Nilijiona mimi ndiye nimemponya.

Miezi ikapita. Siku ya kliniki Odera akaja, Nesi akampandisha kwenye mizani, na uso wake ukabadilika. Alikuwa amepungua kuliko siku aliyotoka.

"Unakula nini?"

"Kila kitu, Nesi, kama ulivyosema. Mchana niko sawa. Shida ni asubuhi. Nikishakunywa uji, dakika kumi hivi, moyo unakimbia, jasho linamwagika, mwili wote unatetemeka, tumbo linaendesha. Nalala saa nzima kama maiti. Siku zingine nikiamka, kabla ya mchana natetemeka tena."

"Uji gani?"

"Ule wa mkebe. Nilimwona mpishi akimpa mke wangu siku niliyotoka."

Nilikuwa dirishani na ndoo ya maji. Nesi hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Aliniita ndani, akafunga mlango, nikakiri kilichokuwamo mkebeni, akasema polepole, "Mwita, hilo tumbo lilikuwa na mlango. Chakula kilikuwa kinatoka kidogo kidogo. Daktari amekata na mlango pia. Sasa kinachoingia kinaporomoka chote kwenye utumbo mara moja. Sukari ikiporomoka huko inavuta maji ya mwili, moyo unahangaika. Na mwili unavyopigana nayo, baadaye sukari ya damu inashuka chini kabisa. Umekuwa ukimwangusha huyu mtu kila asubuhi kwa mkono wa mke wake."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilikuwa zima. Aliyevunjika alikuwa mwingine.

Maana Odera akainua kichwa akasema, "Kwa mkono wa mke wangu, hiyo ndiyo shida yenyewe." Akatueleza. Katika boma la baba yake wanaume wote hula pamoja katika duol, ile nyumba ya mzee mwenye boma. Kila jiko huleta chakula chake, wanaume wanazunguka ugali mmoja. Yeye hawezi kula nao. Wao wanamaliza kabla hajatafuna matonge mawili, na akila haraka anaumwa. Kwa hiyo Atieno alikuwa anamlisha peke yake, nyumbani kwake, kidogo kidogo kutwa nzima. Mwanamume kula jikoni kwa mke, na baba yake yu hai! Maneno yakaanza. Kwamba mke amemficha mume. Kwamba anamnyima chakula, anampa cha kifaranga. Halafu wakaona kila asubuhi akishakunywa uji wa mkebe ule anaanguka. Mama yake, ambaye wote walimwita Min Odera, akamwuliza Atieno, "Kuna nini ndani ya huo mkebe?" Atieno akakataa kusema.

"Kwa nini hakusema?" Nesi akauliza.

Odera akanitazama. Mimi nilitazama sakafu. Alikataa kwa sababu mimi nilimwambia asimwambie mtu yeyote, na yeye alikuwa mtu wa kushika neno.

"Wanasema amenipa dawa ya kunishika," Odera akasema. "Nikimtetea, wanasema, si mnaona? Ameshashikwa. Jumapili hii wazee wanakaa. Watamrudisha kwao Karungu kama mchawi. Na mtoto atabaki."

"Mwita atakuja," Nesi akasema, wala hakuniuliza.

Nataka niwaambie ukweli. Usiku huo niliwaza kutoroka kwenda kwetu. Niliogopa kupigwa, niliogopa kufukuzwa kazi, na zaidi ya yote niliogopa kuonekana mjinga. Lakini kila nikifumba macho namwona yule mama akisema, sitamwambia mtu. Jumapili alfajiri nikapanda baisikeli ya misheni.

Nilifika Kisegi jua limepanda, vumbi mpaka kwenye meno. Atieno alikuwa amekaa mlangoni kwake, mzigo umefungwa kwa kanga kando yake, mtoto amelala mapajani. Aliniona akanitambua. Nikataka kumwomba msamaha palepale, ulimi ukagoma, nikapita. Hiyo ni aibu yangu nyingine.

Ndani ya duol walikuwa wazee wanne au watano, na Mzee Ouma, baba yake Odera, kwenye kiti chake. Odera alikaa ukutani. Min Odera alikuwa karibu na mlango, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu toka ng'ambo. Nikadhani nitasema na kuondoka. Kumbe mgeni hasemi na njaa! Wakaniletea ugali mkubwa kama kichwa cha ndama, na samaki mzima. Hofu imeshanishibisha, nami nala. Kila nikipumua Mzee Ouma ananiambia, "Kula, jatelo, kula," yaani kiongozi, kwa heshima. Nilikula kwa jasho. Ndipo nikaelewa kwa mwili wangu mwenyewe jinsi ilivyo kukaa mbele ya chakula cha heshima na huna pa kukiweka.

Nilipomaliza nikasimama nikasema yote, kwa Kiswahili, na palipokwama kwa Kijaluo changu cha sokoni. Mkebe ni wangu. Ndani ni wimbi na sukari. Nesi alikataza sukari, mimi nikaona ni uchoyo. Nikamwambia huyu mama anyamaze, akanyamaza. "Hakuna dawa ya mapenzi pale. Kuna ujinga wangu tu."

Mzee mmoja akacheka. "Sukari? Sukari iangushe mwanamume?"

"Yawa!" akadakia Min Odera. "Mimi nimezaa watoto tisa na wote nimewapa sukari. Nani alianguka? Huyu mpishi naye amepewa kitu. Ni mtu wa mbali, amekula kwa nyar Karungu, amefungwa ulimi."

"Sijala kwake, mama. Nimekula kwako, sasa hivi."

"Nyamaza!"

Wazee wakaguna. Mzee Ouma akapangusa uso. Nikaona kabisa kwamba maneno yangu yamemwagika chini, na kwamba mke wa watu ataondoka hata baada ya mimi kuungama. Sijawahi kujisikia mtu bure kama pale.

Ndipo Odera akasema kutoka ukutani. Alisema kwa upole. "Mama, nipikie uji."

"Nini?"

"Nipikie wewe. Kwa sufuria yako, kwa unga wako, kwa sukari yako uliyonunua mwenyewe. Tia nyingi, kama ulivyokuwa unanitilia nikiwa mtoto. Nitakunywa hapa mbele ya baba. Nisipoanguka, nitamsindikiza nyar Karungu mwenyewe mpaka kwao."

Nikaruka. "Odera, hapana! Unajua kitakachokupata."

"Kinanipata kila siku bure," akasema. "Leo wacha kiwe na kazi."

Min Odera alitoka kichwa juu. Alipika. Hakuna mwingine aliyegusa sufuria, Atieno hakukaribia. Wazee walitazama kutoka mlangoni mkono wake ukitia sukari, kijiko kwa kijiko, na alitia kwa mapenzi, jamani, alitia kama mtu anayemrudisha mwanawe kutoka safari. Akaleta kibuyu kilichojaa. Odera akanywa chote. Akamshukuru mama yake. Akarudi ukutani akakaa, na sote tukaanza kumtazama bila haya.

Hatukungoja sana. Kwanza paji la uso likang'aa jasho. Halafu shati likalowa kifuani. Akajishika pale penye moyo. Midomo ikawa na rangi ya majivu, mikono ikatetemeka, akateleza ukutani polepole akalala chini, magoti yamekunjwa. Mzee mmoja akasimama akaangusha kiti chake. Na Min Odera akapiga ukemi ambao naamini ulisikika ziwani.

"Nimemuua mtoto wangu! Nimemuua!"

"Hajafa," nikasema. "Mlazeni vizuri. Itapita. Itachukua muda, lakini itapita."

Min Odera akapiga magoti, akaweka kichwa cha mwanawe mapajani, akampangusa jasho kwa kanga yake. Wazee wangesema nini? Wamwite nani mchawi, mama mzazi? Mzee Ouma alimtazama mkewe, akatazama kibuyu kitupu, akawaambia wale wazee wengine, "Nendeni nyumbani. Hakuna kesi hapa." Nao wakaenda, mmoja mmoja, bila kuagana.

Ilipita saa nzima kabla Odera hajafungua macho vizuri na kuomba kukaa. Mama yake akahakikisha ameegemea, akainuka. Akavuka ua. Mimi nikamfuata kwa mbali, nikiogopa atafanya nini.

Atieno alikuwa bado pale mlangoni na mzigo wake. Alikuwa amesikia ule ukemi na hakuruhusiwa kuja. Alisimama. Min Odera alisimama mbele yake, mwanamke mkubwa wa boma, kanga imelowa jasho la mwanawe. Nilidhani ataomba msamaha. Hakuomba. Siku zile mama mkwe haombi msamaha, hata akitaka hajui pa kuanzia. Aliuinua ule mzigo kutoka chini, akauingiza ndani ya nyumba kwa mikono yake mwenyewe.

Kisha akasema, "Nifundishe kumlisha."

Mimi nikapata ulimi wangu wakati huo. Nikamwambia Atieno, "Mama, nisamehe." Akaniitikia kwa kichwa tu, lakini aliitikia. Alikuwa na kazi.

Wakaingia jikoni. Kulikuwa na ugali wa mchana, umefunikwa. Min Odera akamega tonge, tonge la kawaida la mwanamume, akalishika mbele ya mkwe wake.

"Punguza, mama," Atieno akasema.

Akamega, akapunguza.

"Punguza tena."

Akapunguza. Machozi yalikuwa yanamshuka sasa, na hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na ugali.

"Kidogo tena, mama."

Akapunguza mpaka likabaki la ukubwa wa yai la kuku, limekaa katikati ya kiganja chake kipana. Akalitazama. Mwanamke aliyelisha watoto tisa.

"Hilo tu?"

"Hilo tu," akasema Atieno. "Sasa mpelekee wewe."